Kabla hujahama kozi chuoni, hakikisha haya kwanza

Vyuo vikishafungua tu, wiki ya pili ya tatu hivi, hosteli nzima habari ni kuhama kozi. Sikatazi mtu kuhama, wapo waliohama na leo wako vizuri kabisa. Ila kuna vitu uviweke sawa kabla hujaandika hata hiyo barua.

Kwanza jiulize unachokichukia ni kozi yenyewe au ni kitu kingine. Umefeli testi moja ya kalkulasi, au kuna lekchara anakukera, hiyo siyo sababu, semista ijayo huyo lekchara humuoni tena. Mtafute mtu wa mwaka wa tatu kwenye hiyo kozi unayoitaka, aangalie nawe notsi zake na mitihani iliyopita, halafu kaingie vipindi vyao hata wiki moja. Wengi wanaishia hapo, maana walichokuwa wanapenda ni jina tu.

Sifa za kuingilia nazo usibahatishe, fungua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) usome. Udaktari wa binadamu kwa mfano unataka Fizikia, Kemia na Bailojia za form six, pointi zisipungue 6, kwa hiyo kama ulisoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) hata ukilia ofisini hawawezi kukupa.

Hesabu na miaka ya mbele. Udaktari ni miaka 5 halafu mwaka wa intanship. Sheria ukimaliza digrii hujawa wakili bado, kuna Law School inakusubiri, na huko nako kuna ada.

Mkopo sasa. Ukiwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo, nenda dirisha la mikopo chuoni kwako KABLA ya kuhama, siyo baada, uliza ada ya kozi mpya italipwaje na bumu, yaani ile hela ya kujikimu, litaendelea vipi. Na ujue ule mwaka utakaouacha njiani deni lake haliondoki, ukiajiriwa linakatwa kwenye ile asilimia 15 ya mshahara kama kawaida.

Halafu hili ndo kubwa, naomba ulishike: kuhama hakujaisha mpaka jina lako liwe limehama kwenye mfumo. Rumeti wangu mwaka wa kwanza alikuwa ualimu, Hesabu na Jiografia, form six alisoma EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu) akawa anataka uhasibu, sifa anazo kabisa. Akaandika barua, mkuu wa idara ya ualimu akaandika hana pingamizi akagonga muhuri, wa uhasibu naye akasema nafasi ipo akagonga wa kwake. Akaambiwa aiache kwa sekretari itapelekwa udahili. Basi dada wa watu akaanza kuingia vipindi vya uhasibu, kaingia grupu za asainmenti, kapiga testi zote na alikuwa anafanya vizuri kweli, anawafundisha wenzake mpaka saa sita usiku. Hakuna aliyemuuliza kitu. Inafika wiki ya kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa semista, anaenda kuchukua namba ya mtihani, uhasibu hayupo kwenye listi, ualimu yupo lakini hana hata testi moja. Ile barua ikakutwa kwenye faili pale pale kwa sekretari, mihuri miwili ipo, wa udahili haupo, na dirisha la kuhama lilishafungwa siku nyingi. Zile alama zake walimu wanazo kwenye karatasi ila hawana pa kuziingiza. Akazunguka ofisi siku tatu, mwisho akashauriwa aahirishe mwaka. Na ukiahirisha bumu linasimama. Nilikaa naye kitandani akimpigia mama yake Tunduma, alishindwa kabisa kuongea ikabidi nichukue simu mimi nimweleze mama, na mama anauliza tu "kwani amefeli nini mwanangu?" Hajafeli kitu, jamani. Alirudi mwaka uliofuata akaanza upya, wenzake aliokuwa anawafundisha wako mwaka wa pili.

Kwa hiyo barua itembeze mwenyewe mkononi, ofisi mpaka ofisi, na kila ikigongwa muhuri ipige picha. Kama unahama chuo kwenda chuo kingine, TCU nao lazima waidhinishe, usihame na begi lako kabla. Ingia kwenye akaunti yako ya chuo uone kozi imebadilika na masomo mapya umeyasajili. Mpaka uone hivyo, endelea kuhudhuria kozi ya zamani na testi zake ufanye, hata kama unaziona za kupoteza muda.

Wazazi waambie mapema, wasisikie kwa jirani. Na mtu yeyote anayekwambia umtumie hela kwenye simu akuhamishie kozi, awe anajiita mtu wa Bodi, wa TCU au nani, usimtumie hata mia. Pia usihame kwa sababu grupu lako zima linahama, wala usisubiri siku ya mwisho ya dirisha maana siku hiyo foleni inazunguka jengo na mtandao unakuwa chini.