Jinsi ya kwenda kufanya kazi Kenya kwa njia halali: kutoka cheti cha kuzaliwa hadi kibali

Kila mwaka vijana wa Kilimanjaro, Arusha, Mara na Tanga wanavuka kwenda Kenya kutafuta riziki ili nyumbani wapate kula na wadogo zao waende shule. Wengi hawajui kwamba safari hiyo ni haki yao. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuajiriwa katika nchi nyingine ya Jumuiya, ila kwa aina za kazi ambazo nchi hiyo imezifungua na kwa kufuata taratibu. Kijana asiye na karatasi ndiye anayedhulumiwa mshahara akashindwa pa kulalamika, kwa hiyo tuanze na karatasi.

Pasipoti kwanza

Kwa kwenda msibani au kufuata mzigo, hati ya dharura ya safari inatosha. Ukienda kufanya kazi, chukua pasipoti, maana nakala yake ndiyo inayoambatanishwa kwenye maombi ya kibali.

Andaa cheti chako cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA, picha ya pasipoti, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi. Wazazi wengi wa vijijini hawana cheti. Hilo lisikuvunje moyo: kiapo cha kuzaliwa cha mzazi, kilichoapwa kwa wakili au mahakamani, kinakubalika. Ongeza ushahidi wa shughuli inayokupeleka, kama barua ya mwajiri au mkataba ikiwa tayari unao.

Sasa kaa chini uzilinganishe karatasi zote, herufi kwa herufi. NIDA inasema Mohamed, cheti kinasema Mohamedi, kwenye kiapo cha baba kuna Muhamed. Kwako ni jina moja, kwa afisa ni watu watatu, na faili litarudishwa. Kosa la cheti lirekebishe RITA, wakala unaosajili vizazi na vifo, la kitambulisho NIDA, kabla hujagusa fomu ya pasipoti. Hapa ndipo watu wanapopoteza miezi, tena wakiwa wameshaaga na kuuza hadi mbuzi wa nauli.

Fomu inajazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Ukimaliza unapata namba ya malipo. Unalipia benki au kwa simu, unachapisha fomu, kisha unaipeleka wewe mwenyewe ofisi ya uhamiaji pamoja na vyeti halisi. Huko utachukuliwa alama za vidole na kuhojiwa. Gharama yote ni Sh 150,000, na pasipoti inadumu miaka 10. Anayekuambia umpe laki tatu "akuharakishie" ni kishoka. Muepuke.

Chanjo

Chanja homa ya manjano mapema, kwa sababu kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Ukichanjwa mara moja, kadi hiyo ni ya maisha.

Mpakani

Namanga ina kituo cha pamoja kilichozinduliwa Desemba 1, 2018. Ukitokea Arusha unapita hadi jengo la upande wa Kenya, na humo maafisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja: wa Tanzania anakugongea muhuri wa kutoka, wa Kenya anakugongea wa kuingia. Raia wa Jumuiya halipii viza, na anaweza kupewa hadi miezi 6 ya kukaa. Kabla hujaondoka dirishani fungua pasipoti usome muda ulioandikiwa. Kama umeandikiwa mwezi mmoja, uliza palepale kwa heshima.

Nje utakutana na vijana wa bodaboda watakaokwambia foleni ni ndefu, wakupitishe njia ya panya kwa dakika chache. Ninakusihi, usipande. Ukipita huko pasipoti inakosa muhuri, na mtu asiye na muhuri hana namna ya kuomba kibali. Hata mwajiri mwema atashindwa kukusaidia.

Kibali cha kazi

Muhuri wa mgeni haukuruhusu kufanya kazi. Ukishasaini mkataba wa zaidi ya siku 90, kanuni za Itifaki zinakutaka uombe kibali ndani ya siku 15 za kazi. Ukiwa wa siku 90 au pungufu, unaomba pasi maalumu. Mamlaka nayo ina siku 30 za kukujibu, na kibali cha kwanza kinaweza kufika miaka 2.

Kwa Kenya maombi hufanyika mtandaoni, na mwajiri ndiye anayeandika barua ya kukuombea. Kwa hiyo mwulize mapema, kabla ya kuanza kazi: "Bosi, utaniombea kibali?" Akikwepa swali, jua hata mshahara atakuja kuukwepa. Dai mkataba wa maandishi wenye kiasi cha mshahara, tarehe ya malipo na siku za mapumziko, hata kama kazi ni ya ndani au ya shambani.

Pasipoti yako ni yako. Mwajiri apewe nakala, halisi ibaki mkononi mwako.

Kutuma nyumbani

Sajili laini ya simu kwa jina lako, kwa pasipoti yako. M-Pesa ya Kenya inatuma moja kwa moja kwenda M-Pesa ya Tanzania tangu 2015, kwa hiyo huna haja ya kumpa dereva wa basi bahasha ya mama.

Mwachie mama au mjomba nakala ya pasipoti, mkataba na namba ya mwajiri. Pasipoti ikipotea, toa taarifa polisi, chukua hati ya upotevu, halafu nenda Ubalozi wa Tanzania Nairobi ukiwa na nakala hiyo.