Kagua nati kabla ya kupakia familia

Kama gari lenu ni lile la siti saba au nane lenye umri wa kumaliza sekondari, usiishie kupiga tairi teke. Chuchumaa utazame nati za tairi. Michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati na kutambaa juu ya rimu mara nyingi ni dalili kwamba nati imelegea na inacheza. Mwaka jana, siku mbili baada ya kuziba pancha, nilikuta nati mbili za nyuma zinazunguka kwa vidole, na watoto wameshapanda! Tangu hapo, kila tairi likifunguliwa, naendesha kama kilomita 50 hadi 100 halafu nakaza tena kwa wili spana, kwa kuruka nati moja, si kwa kufuata mduara.

Beringi ya tairi nayo hutoa dalili mapema. Ukisikia mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyoongezeka, piga jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwite fundi aone kama ni beringi au boli jointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachobeba tairi). Kisha shika kulia na kushoto; likicheza hapo tu, shuku tairodi (fimbo inayounganisha usukani na tairi).

Na usidanganywe na kashata nene (meno ya tairi); tazama pia umri wake. Soma tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni: 2316 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Spea ndiyo huwa kongwe kuliko zote, imejificha chini ya gari ikila vumbi.