Mpe shimo kwanza: kumlea dakeli mwoga

Usiku wa kwanza Karanga, dakeli tuliyemchukua kwenye kituo cha mbwa waliookolewa, alijipenyeza nyuma ya mashine ya kufulia na hakutoka hadi kulipopambazuka. Mke wangu alitaka tuisogeze mashine tumtoe. Nikamwomba tumwache. Niliweka bakuli la maji na vipande vitatu vya kuku wa kuchemsha karibu na mlango, nikazima taa. Asubuhi kuku hayupo, maji yamepungua, mbwa yuko palepale. Nilifurahi sana. Mbwa aliyezidiwa na hofu hali kitu. Aliyekula ameshashusha pumzi kidogo.

Mimi ni mtu wa Moshi, nafanya kazi ya kuhudumia wazee hapa München, Ujerumani. Kwetu mbwa alikuwa wa kulinda: mchana kafungwa, usiku kafunguliwa, chakula chake makombo ya ugali. Hakuna aliyewahi kujiuliza mbwa yule anaogopa nini. Haya ninayoyaandika nimejifunza ukubwani, kwa mbwa mmoja tu, nikisaidiwa na daktari wake pamoja na wahudumu wa kituo alikotoka. Nayaandika kwa ajili ya ndugu zetu wa huku ambao wameanza kuchukua mbwa wa vituoni, kisha wiki ya pili wananipigia simu kwa uchungu: "Kaka, huyu mbwa hatupendi."

Kwanza mjue mbwa mwenyewe. Huyu wa miguu mifupi na mwili mrefu Wajerumani humwita Dackel, na kwingineko anajulikana kama dachshund, yaani mbwa wa Dachs. Dachs ni mnyama mchimba mashimo, jamaa wa mbali wa nyegere wetu. Dakeli alizalishwa aingie ndani ya shimo la mnyama huyo, gizani, peke yake, na aamue mwenyewe la kufanya, kwa kuwa bwana wake yuko juu na hamwoni. Ukilielewa hilo, mengi yanakaa sawa. Akiogopa atatafuta shimo. Ukimwita anaweza kukutazama tu, akapima kwanza. Na akibweka, sauti inatoka kubwa kuliko mwili, kwa kuwa ilibidi isikike kutoka chini ya ardhi. Watu wa mji huu wanampenda mno; michezo ya Olimpiki ilipofanyika hapa mwaka 1972, alama yake ya bahati ilikuwa dakeli wa rangi nyingi aitwaye Waldi.

Karanga alikuwa na miezi 9 nilipomwona, kilo 6, rangi ya karanga za kukaanga. Alikuwa amelelewa ndani ya kizimba chumba cha chini ya nyumba, na hakuwa amewahi kukanyaga nyasi. Nilimtembelea mara nne kabla ya kusaini mkataba. Nenda mara nyingi vivyo hivyo, na uulize mambo madogomadogo: anaogopa wanaume au wanawake? Ngazi? Ufagio? Anakula nini, saa ngapi, analala wapi? Omba blanketi alilolalia na usilifue. Mambo ya karatasi hayana ugumu: kituo huja kukagua nyumba, manispaa hutoza kodi ya mbwa, unakata bima ya madhara anayoweza kuwafanyia watu, na chipu yake, kile kidude cha utambulisho chini ya ngozi, inasajiliwa kwa jina lako. Hilo la chipu lifanye siku hiyohiyo.

Kwa nini haraka? Mbwa mwoga hutoroka siku za mwanzo, na hapa usifanye mzaha. Dakeli ana kifua kinene na kiuno chembamba. Akishtuka hurudi kinyumenyume, na mkanda wa kawaida unamvuka kichwani kama fulana. Nunua mkanda wa kifuani wenye vitanzi vitatu, kile cha tatu kikipita nyuma ya mbavu. Muweke pia ukosi shingoni, na kila kimoja kiwe na kamba yake. Kamba moja shika mkononi, nyingine ifunge kiunoni mwako. Msafirishe ndani ya kizimba kilichofungwa, na usikifungue mpaka mlango wa nyumba umefungwa nyuma yako. Mimi nilimleta Ijumaa mchana, nikiwa nimeomba likizo ya siku kumi.

Sasa shimo. Nilichukua boksi la katoni la mashine ya kahawa, nikakata mlango mdogo, nikatandika blanketi lake na shati langu nililovaa kazini, kisha nikalifunika juu kwa shuka zito. Liweke pembeni, mahali ambapo anaona mlango wa chumba lakini watu hawampitii. Usiku wa pili aliliona, akahama kutoka nyuma ya mashine bila kuambiwa. Sheria ya nyumba yetu ilikuwa moja: hakuna mkono unaoingia shimoni. Wa mtoto, wa mgeni, wala wangu. Binti yangu wa miaka 7 nilimbandikia utepe wa njano sakafuni, nikamwambia hapo ndipo mpaka wa nchi ya Karanga. Aliuheshimu kuliko watu wazima. Rafiki yangu mmoja alivuka akitaka kumbembeleza, akang'atwa kidole. Sikumlaumu mbwa.

Kazi yako baada ya hapo ni kukaa. Kaa sakafuni, ubavu wako ukielekea kwake, macho pembeni. Kumkodolea mbwa macho ni kumtisha. Kila jioni nilikaa nusu saa nikisoma gazeti la Kiswahili kwenye simu kwa sauti ya chini, huku nikirusha kipande cha kuku au jibini karibu na mlango wa shimo, kila mara mbele kidogo. Sikumwita. Siku ya 5 alitoa kichwa. Siku ya 9 alichukua kipande kiganjani, akakimbia nacho. Siku ya 23, nikiwa katika habari za michezo, nilisikia kitu cha moto juu ya unyayo wangu: kidevu chake. Sikusogea, ingawa mguu ulikufa ganzi. Wako huenda akachukua siku 3 au miezi 3. Usihesabu siku za mbwa wa mwenzako.

Jifunze kumsoma, kwa sababu anasema mapema. Kupiga miayo bila usingizi, kujilamba pua, kugeuza kichwa, weupe wa jicho kuonekana pembeni, kufyata mkia: yote hayo yanasema "nipe nafasi". Ukirudi nyuma hatua moja, anajifunza kwamba unasikia. Akinguruma usimkaripie. Ukimkomesha kunguruma, siku nyingine ataruka hatua hiyo na kung'ata moja kwa moja. Akikuruhusu kumgusa, anza kifuani au ubavuni, sekunde mbili, kisha acha umwone kama anarudi. Usimletee mkono kutoka juu ya kichwa.

Atakojoa ndani. Futa, nyamaza. Kanuni za hapa Ujerumani zinataka mbwa apewe muda wa kutosha wa kutembea nje, na baadhi ya ndugu wakisikia hivyo humburuta mbwa mpaka barabarani. Mimi nilianzia ua wa nyuma wa jengo letu, alfajiri na usiku, njia ileile kila siku. Kunusa mti mmoja dakika kumi ni matembezi ya kutosha kwake kwa wakati huo. Pua ndiyo kazi yake. Tramu na soko tulivifikia mwezi wa nne. Kamba sijaifungua mpaka leo isipokuwa ndani ya uzio, maana akinasa harufu ya sungura masikio hufunga.

Mgongo wake uulinde kuliko kitu chochote. Kati ya dakeli watano, walau mmoja hupata ugonjwa wa diski za uti wa mgongo, na unene unaongeza hatari. Mnyanyue kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mgongo ukiwa umelala sawa. Kwa mwoga, inama kando yake kwanza na useme neno lilelile kila mara. Mimi husema "twende juu". Asiruke kutoka kwenye kochi. Mtengenezee ubao wa mteremko wenye zulia. Ukimwona anapepesuka miguu ya nyuma, analia akiguswa au anaburuta mguu, mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo, usingoje kesho. Na jikoni, chokoleti, zabibu, vitunguu na peremende zisizo na sukari zikae juu.

Jambo la mwisho ni fataki. Huku Ujerumani usiku wa tarehe 31 Desemba mji mzima unalipuka. Mtoe kabla giza halijaingia, akiwa na kamba zote mbili. Funga mapazia, washa redio, lete shimo lake katika chumba cha ndani kabisa, ukae humo naye. Akija kukuegemea mkumbatie. Watu wanaosema kumfariji mbwa kunamzidishia woga wanakosea. Mwaka wa kwanza Karanga alikaa ndani ya boksi akitetemeka, mimi nikiwa nimelala sakafuni nje yake. Saa saba usiku pua ilitokeza, ikanusa mfuko wa shati langu wenye soseji. Tarehe 1 nayo usilegeze kamba. Watoto hukusanya fataki zilizobaki na kuzilipua asubuhi nzima.