Mazoezi kwa mtu ambaye moyo wake huenda mbio

Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo ya moyo kati ya 60 na 100 kwa dakika, na yakizidi 100 naye ameketi tu bila homa wala hofu, hapo moyo huhesabiwa kuwa unaenda mbio. Hali hiyo peke yake si ugonjwa bali ni dalili, kwa hiyo kabla ya kununua raba za mazoezi ni lazima ijulikane moyo unakimbilia nini. Huenda ni upungufu wa damu, huenda ni tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, huenda ni ujauzito, dawa, wasiwasi wa muda mrefu au hitilafu katika umeme wa moyo wenyewe. Katika nchi zetu yapo pia madhara ya homa ya baridi yabisi ya utotoni, ambayo huharibu vali za moyo, yaani milango yake ya kupitisha damu, kimyakimya na kujitokeza ukubwani. Kipimo cha umeme wa moyo, kipimo cha wingi wa damu na kipimo cha tezi hujibu sehemu kubwa ya swali hilo, na pale daktari anaposhuku vali huongeza picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Aliyewahi kuzimia akiwa mazoezini, au ambaye ndugu yake wa damu alikufa ghafla akiwa kijana, asianze zoezi lolote kabla ya vipimo hivyo.

Kwa upande wangu ulikuwa upungufu wa damu. Nilikuwa na miaka 45, mapigo yangu ya asubuhi yalikuwa 104, na kwenye jimu moja nilionyeshwa chati ya ukutani inayotumia kanuni maarufu ya kutoa umri kwenye 220 ili kupata kiwango cha juu cha mapigo. Kwa umri wangu jibu ni 175, na zoezi la wastani, yaani asilimia 50 hadi 70 ya kiwango hicho, linaangukia kati ya mapigo 88 na 122. Niliketi kwenye benchi, nikainama kufunga kamba za viatu, nikahesabu: 108. Kwa mujibu wa chati ile nilikuwa nimeshaanza mazoezi.

Chati za namna hiyo zimetengenezwa kwa ajili ya watu ambao moyo wao umetulia. Hesabu iliyo na haki zaidi huanza na mapigo ya mtu mwenyewe: toa mapigo ya mapumziko kwenye kile kiwango cha juu, chukua asilimia 30 ya tofauti hiyo, kisha irudishie mapigo ya mapumziko. Kwangu 175 kutoa 104 ni 71, asilimia 30 yake ni kama 21, na jumla ikawa 125, ambayo ni kiwango cha zoezi jepesi la kuanzia. Hata hivyo kanuni ya umri hukosea kwa mapigo mengi kutoka mtu hadi mtu, na haifai kabisa kwa anayetumia dawa za kutuliza moyo kama propranolol, atenolol au bisoprolol, kwa sababu dawa hizo huzuia mapigo yasipande hata pale mwili unapoelemewa. Daktari akikupa kikomo chako, hicho ndicho cha kufuata na hesabu hii iweke kando.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni ulimi. Ukiwa unatembea na unaweza kumsimulia mwenzako habari ndefu kwa sentensi kamili, lakini ukijaribu kuimba pumzi inakukatika, uko kwenye kiwango cha wastani. Ukianza kujibu kwa neno mojamoja umevuka mpaka, punguza mwendo hata kama saa ya mkononi inasema mambo ni shwari.

Kuhesabu mapigo nako kuna adabu yake. Keti dakika 5, geuza kiganja juu, kisha weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, katika kibonde kilicho kati ya mfupa na mishipa migumu ya kano. Usitumie dole gumba kuhesabia, kwa kuwa lina mdundo wake na litakuchanganya. Gusa kwa wepesi, maana ukibonyeza sana mapigo hupotea. Hesabu kwa sekunde 30 na kuzidisha mara 2, isipokuwa kama mdundo unarukaruka bila mpangilio, ambapo hesabu dakika nzima na uandike kwamba ulirukaruka.

Wapo ambao moyo hutulia wakiwa wamelala, lakini wakisimama tu unafumuka. Lala dakika 5 uhesabu, kisha simama na uhesabu tena ndani ya dakika 10. Kwa mtu mzima ongezeko la mapigo 30 au zaidi linalodumu ni jambo la kumweleza daktari. Mtu wa aina hii huanza vizuri zaidi kwa mazoezi ya kulala chali, ya kukaa kitini au ya baiskeli ya kuegemea, na kutembea hufuata baadaye. Kuogelea kunamfaa pia, mradi asiingie majini peke yake.

Kwa wengine anza kwa kutembea kwenye ardhi tambarare dakika 10, mara mbili kwa siku, ukiongeza dakika 5 kila wiki ikiwa wiki iliyopita haikukusumbua. Dakika 150 kwa wiki zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni lengo la baadaye. Dakika za kwanza za kila zoezi ziwe za kupasha mwili moto taratibu, na mwisho wake usisimame ghafla, kwa sababu misuli ya miguu husaidia kurudisha damu juu, na ukiikatiza kwa mara moja damu hubaki miguuni, moyo ukazidi kukimbia na kichwa kikazunguka. Tembea polepole dakika nyingine 5 hadi 10. Kwenye kunyanyua vyuma, toa pumzi unaponyanyua na usiibane kamwe. Kunyanyua chuma chepesi mara nyingi ni salama kuliko kunyanyua kizito mara moja.

Joto la pwani ni mzigo wa pili juu ya zoezi. Mwezi wa Februari, Dar es Salaam au Mombasa, moyo hufanya kazi ya kupoza ngozi pamoja na ya kuendesha miguu, hivyo alfajiri ndio wakati wake. Anayefunga Ramadhani asogeze zoezi hadi baada ya kufuturu na kunywa maji. Anayepanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, apunguze mwendo kwa siku chache za mwanzo. Kahawa, mirungi na vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu visitangulie zoezi. Siku ya homa, ya kuhara au ya malaria ni siku ya kulala.

Simama mara moja ukipata maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu, pumzi kukatika kuliko kazi unayoifanya, au moyo kuruka ghafla kama taa iliyowashwa na kubaki juu. Keti au lala. Maumivu ya kifua yasiyoisha kwa kupumzika, kuzimia au mapigo yasiyoshuka ni ya kukimbizwa hospitali, na usiendeshe gari mwenyewe.

Daftari dogo litakusaidia kuliko saa ya gharama kubwa. Andika mapigo ya asubuhi kabla ya kutoka kitandani, mapigo mara tu unapomaliza, na mapigo dakika 1 baadaye. Kushuka kwa 12 au zaidi katika dakika hiyo ni ishara njema. Baada ya miezi mitatu ya vidonge vya madini ya chuma, safu yangu ya asubuhi ilikuwa imefika 84, na daktari alilisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuniruhusu kuanza mchakamchaka.