Namna ya kurekodi komentari ya filamu, kuanzia karatasini hadi kwenye diski

Ukiweka diski ya filamu unayoipenda, ukaingia kwenye menyu ya sauti na kuchagua komentari, aliyeitengeneza filamu ile anakaa karibu nawe na kukusimulia huku picha ikienda. Kazi yangu ni kuwaandaa hao wanaokaa karibu nawe. Nimekaa chumbani na waongozaji, wahariri, wapiga picha na wasomi wa filamu. Komentari nzuri naitambua mapema kabisa: msemaji anaitazama picha iliyo mbele yake sasa hivi. Mbaya nayo haijifichi: msemaji anasimulia maisha yake, na picha inampita. Hatua zote hapa chini zipo kumsaidia msemaji asiiachie picha.

Jambo lenyewe lina umri wake. Mwaka 1984 kampuni ya Criterion ya Marekani ilitoa King Kong ya 1933 kwenye diski ya leza, diski kubwa ya video iliyotangulia DVD. Diski ile ilikuwa na njia mbili za sauti, na filamu ya zamani kama ile ilihitaji njia moja tu. Ile ya pili akapewa Ronald Haver, msimamizi wa filamu kwenye jumba la makumbusho huko Los Angeles, aieleze filamu tangu mwanzo hadi mwisho. Komentari zote tunazosikiliza leo zilianzia kwenye njia hiyo moja iliyokuwa imebaki wazi.

Hatua ya 1: Chagua sauti, usichague majina

Wasemaji wawili ndio idadi ninayoipenda. Mmoja awe ametengeneza filamu, mwingine awe anaijua vizuri kiasi cha kuuliza swali lenye maana. Watatu wanawezekana. Wakizidi hapo msikilizaji hajui tena nani anaongea, kwa sababu hawaoni. Kama una watu wengi wenye mambo ya kusema, warekodi mmoja mmoja siku tofauti, kisha uwashone pamoja kwenye uhariri, kila mmoja aingie pale penye habari yake.

Msomi wa filamu anayefanya kazi peke yake aandike kwanza. Kwa maneno kama 100 kwa dakika, filamu ya dakika 100 inameza maneno 10,000. Hicho ni kitabu kidogo, na hakuna anayeweza kukitoa kichwani bila kurudia rudia.

Hatua ya 2: Pata nakala ile ile itakayoingia kwenye diski

Hapa ndipo niliwahi kuumia. Nilipewa faili la filamu na ofisi iliyoniajiri, nikarekodi siku nzima na mwongozaji, kazi ikatoka safi. Tulipoiweka kwenye diski, mwanzoni kila kitu kilikaa mahali pake, lakini kufika katikati mwongozaji alikuwa anaisifu sura ambayo bado haijatokea. Faili nililopewa lilikuwa linakwenda kwa fremu 25 kwa sekunde, yaani picha moja moja 25 kila sekunde, na diski ilikuwa ya fremu 24. Filamu ya dakika 100 kwa fremu 24 inaisha kwa dakika 96 ikiendeshwa kwa fremu 25. Ilibidi nikate komentari nzima vipande vipande na kuisogeza kwa mkono, usiku tatu.

Kuna kosa dogo zaidi na lenye hila zaidi: fremu 24 kamili dhidi ya fremu 23.976. Tofauti hiyo inazaa sekunde 3.6 kwa kila saa. Dakika kumi za kwanza hutaiona. Ukifika mwisho wa filamu ndefu, msemaji anacheka kabla ya kichekesho.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita mtu yeyote, muulize fundi wa diski maswali mawili: fremu ngapi kwa sekunde, na nakala hii ni ya mwisho au bado inakatwa? Kisha omba faili lenye timekodi, yaani saa inayohesabu muda wa filamu, inayosomeka kwenye kona ya picha.

Hatua ya 3: Chora ramani

Itazame filamu mara tatu ukiwa na karatasi yenye safu tatu: muda, kinachoonekana, tunachokijua. Safu ya pili usimsomee mtazamaji, kwa kuwa ana macho. Iko pale ili safu ya tatu iwe na mahali pa kujishikiza.

Mfano kutoka kwenye ramani yangu moja. Dakika ya 41, mwanamke anafika mlangoni, mkono wake unatetemeka kuelekea kitasani. Safu ya tatu mwanzoni niliandika: "Sini muhimu, hofu ya mhusika." Hiyo ni hewa tupu, kila mtu anaiona hofu. Nikampigia mhariri simu. Akaniambia mwigizaji alikuwa ameshika ndoo ya maji kwa dakika mbili kabla ya kamera kuwashwa, ili mkono uchoke na utetemeke wenyewe. Hiyo ndiyo safu ya tatu. Ukishaisikia huwezi tena kuuona mkono ule kama zamani.

Sasa hesabu. Picha ya mkono inakaa sekunde nne, habari ya ndoo inahitaji kama sekunde ishirini. Ukianza kusema mkono unapotokea, utamaliza mlango ukiwa umeshafungwa. Anza mapema, mwanamke akiwa bado kwenye korido, ili neno "ndoo" liangukie juu ya mkono wenyewe. Kwenye ramani naandika muda wa kuanza kusema, wala si muda wa picha.

Tia alama pia mahali pa kunyamaza. Kuna mazungumzo, kuna wimbo, kuna kimya ambacho filamu imekitafuta kwa saa nzima. Mwache mtazamaji akisikie.

Hatua ya 4: Chumba na maiki

Hii ni fupi. Chumba kidogo chenye mapazia au mazulia, feni imezimwa, simu zote nje. Kila msemaji awe na maiki yake na njia yake ya sauti, umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, kwa pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige kama ngoma. Rekodi kwa kHz 48 na biti 24, na vilele vya sauti vicheze karibu na desibeli 12 chini ya kiwango cha juu kabisa cha kurekodi. Kiti kisichopiga kelele. Bangili na saa za mkononi mezani, lakini mbali na maiki.

Sauti ya filamu isitoke kwenye spika hata kidogo, la sivyo itaingia kwenye maiki na hutaitoa tena. Wasemaji wavae visikilizio, sauti ya filamu iwe ya chini kwenye sikio moja, na manukuu yawashwe kwenye skrini wajue waigizaji wanasema nini. Fremu ya kwanza ya filamu ikitokea, piga kofi moja mbele ya maiki. Kofi hilo ndilo utakalolitumia kulandanisha. Mwisho, rekodi sekunde 30 za chumba kikiwa kimya. Utazihitaji kuzibia mashimo.

Hatua ya 5: Siku ya kurekodi

Waanze kwa kujitaja: jina na kazi aliyoifanya kwenye filamu. Baada ya nusu saa watajane tena katika maongezi, kwa kuwa kuna mtu ameanzia katikati.

Simamisha kila baada ya dakika ishirini hivi. Huo ni kama urefu wa reli moja, yaani gurudumu moja la mkanda wa filamu ya kizamani, na nimegundua ndio urefu ambao pumzi ya mtu inadumu kabla ya kuanza kusema "naam, hapa nako ni pazuri". Mtu akikosea neno, asisimame. Arudie sentensi tu, uhariri utamalizia.

Kazi kubwa ya siku hiyo ni kuuliza. Waliotengeneza filamu hawajui kuwa wanachokijua ni cha thamani, wamekizoea. Ukiuliza "Ulijisikiaje?" utapata "Nilijisikia vizuri, timu ilikuwa nzuri." Uliza vitu vinavyoshikika: kamera ilikuwa wapi, nani amesimama nje ya fremu, huyu anamtazama nani hasa, ilikuwa mara ya ngapi mnairudia? Nilikaa na mpiga picha mmoja mzee ambaye kwa dakika kumi na tano alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. Ikaja sini ya msichana anayesoma barua dirishani.

"Mzee, hapa taa mliiweka upande gani?"

Akasogea kwenye skrini. "Taa? Hapo hapakuwa na taa, mwanangu. Taa ilikuwa imeungua asubuhi. Hiyo ni barua yenyewe. Nilimwambia abadilishe karatasi, achukue nyeupe pee na kubwa zaidi, jua la dirishani lipige karatasi lirudi usoni kwake. Tazama, akiishusha barua uso unaingia giza."

Na kweli, barua iliposhuka uso uliingia giza. Filamu ile nilikuwa nimeitazama mara nyingi nikidhani giza lile ni uamuzi wa hadithi. Tangu hapo mzee hakunyamaza hadi majina ya mwisho yalipopanda, nami niliacha ramani mezani nikawa nauliza tu.

Kuna yasiyofaa kubaki: siri ya mtu asiyekuwepo, ugonjwa wa mwigizaji, ugomvi wa malipo. Yakitoka, yaache yatoke, kisha yakate. Wasemaji wote wasaini ridhaa kabla ya kuondoka chumbani, na watengeneza diski wengi huweka tangazo mwanzoni kwamba maoni ni ya wasemaji wenyewe.

Hatua ya 6: Hariri na changanya

Ondoa vikohozi na "aaa" zilizorundikana, lakini pumzi na vicheko viache. Komentari iliyosafishwa mno inasikika kama tangazo la uwanja wa ndege. Unaruhusiwa kusogeza maneno: kama habari ya ndoo ilisemwa ikiwa imechelewa sekunde sita, irudishe nyuma sekunde sita.

Sauti ya filamu chini ya komentari naishusha desibeli 15 hadi 20. Ishuke haraka, kama nusu sekunde, na ipande taratibu zaidi msemaji anaponyamaza, sekunde moja na nusu au mbili. Kimya kikizidi nusu dakika irudishe karibu na kiwango chake cha kawaida, mtazamaji asije akadhani komentari imekwisha.

Hatua ya 7: Iingize kwenye diski au kwenye faili

DVD inakubali njia 8 za sauti na njia 32 za manukuu. Komentari ya stereo kwa kilobiti 192 kwa sekunde, filamu ya dakika 100, inachukua megabaiti 144. Kwenye diski ya gigabaiti 4.7 hicho ni kipande kidogo sana, kwa hiyo hoja ya kwamba nafasi haitoshi mara nyingi haina mashiko. Blu-ray ya tabaka moja ina gigabaiti 25, huko hata usiulize.

Komentari isiwe njia ya kwanza ya sauti. Nimeona diski inayoanza na mwongozaji akiongea juu ya sini ya ufunguzi na mtazamaji hajui azime wapi. Iandikwe kwenye menyu kwa jina la msemaji. Na tengeneza manukuu ya komentari pia. Viziwi wanapenda filamu, na hili watu wa kazi yetu wanalisahau kila mara.

Kama unatoa faili la MKV, aina ya faili la video linalobeba njia kadhaa za sauti, ongeza njia ya sauti bila kuigusa picha na uipe jina. Kama huna haki ya kusambaza filamu yenyewe, toa sauti peke yake na umwambie msikilizaji mahali pa kuanzia: "Nembo ya studio ikizimika kabisa, tatu, mbili, moja, bonyeza."

Hatua ya 8: Nyongeza nyingine zisiimbe wimbo ule ule

Sini zilizokatwa, trela, picha za mnato, filamu fupi ya utengenezaji. Kosa ninalokutana nalo zaidi ni habari moja kusimuliwa mara tatu, kwenye komentari, kwenye mahojiano na kwenye kijitabu. Gawa mapema. Habari inayohitaji picha ya filamu iende kwenye komentari. Inayohitaji uso wa msimulizi iende kwenye mahojiano. Tarehe, vipimo na orodha ziende kwenye kijitabu.

Sini iliyokatwa uipe sekunde chache za sini iliyoitangulia, tujue ilikuwa inakaa wapi. Angalia haki za muziki pia, kwa maana sini iliyoachwa inaweza kuwa na wimbo ambao haukulipiwa.

Hatua ya 9: Jaribu kama mtazamaji

Choma diski moja ya majaribio. Ipeleke kwenye kicheza diski cha kawaida, si kompyuta yako, na ukae na rimoti. Badilisha sauti filamu ikiwa inaenda, rudi, badilisha tena. Sikiliza dakika ya kwanza, kisha ruka hadi dakika ya mwisho, kwa kuwa sauti kuachana na picha kwa tofauti ya fremu hujificha mwanzoni. Halafu nenda dakika ya 41. Neno "ndoo" likiangukia pale mkono unapofika kitasani, peleka diski ikachapwe.