Namna ya kutazama Inside Out na mtoto bila kumharibia kilio chake

Mara ya kwanza kuitazama filamu ya katuni Inside Out na wanangu nilikosea karibu kila kitu. Binti yangu alikuwa na miaka 9, mdogo wake 5. Ilipofika pale Bing Bong, yule rafiki wa kuwazika mwenye mkonga wa tembo, anapoanza kufifia ndani ya shimo la kumbukumbu zilizotupwa, binti akaangua kilio. Nikaruka kama niliyekalia kaa la moto. "Ni katuni tu, mama, ni michoro hiyo!" Nikamtekenya, nikamfanyia vituko, nikaisimamisha filamu nipate kuvifanya vizuri zaidi. Akautoa mkono wangu taratibu: "Baba, niache nilie kwanza."

Nimeitazama mara tano au sita tangu siku hiyo, na haya ndiyo ninayowaambia wazazi wenzangu wanaponiuliza.

Itazame peke yako kwanza. Ni saa moja na nusu na dakika chache, huwezi kukosa usiku mmoja. Kwa ambaye hajaiona: ni filamu ya Pixar ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Pete Docter. Msichana wa miaka 11, Riley, anahamishwa na wazazi wake kutoka Minnesota kwenda San Francisco, na sehemu kubwa ya hadithi inapita kichwani mwake, ambako hisia tano zinagombania kuongoza mitambo. Docter aliipata fikra hii kwa kumtazama bintiye mwenyewe, mtoto mchangamfu aliyegeuka mkimya alipofika umri kama huo wa Riley. Ukijua hilo unagundua kuwa filamu imetengenezwa na baba aliyechanganyikiwa. Mimi lilinifariji.

Ukiitazama peke yako utajua pia wapi mwanao ataogopa. Huzuni ya Bing Bong si tatizo. Tatizo ni yule mchekeshaji mkubwa kama jengo, Jangles, aliyefungiwa kwenye pango la mambo yasiyofikirika mchana. Mwanangu wa kiume alijifunika shuka hadi utosini, na usiku ule tulilala watatu kitandani. Kwa maoni yangu mtoto wa chini ya miaka 6 asubiri, au umruke huyo mchekeshaji.

Halafu majina. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo Kiswahili kinatubeba. Mtoto akiwa hajakijua Kiingereza vizuri utalazimika kutafsiri papo kwa papo, basi kubalianeni majina kabla hamjaanza. Furaha ni wa manjano, Huzuni wa bluu, Hasira mwekundu, Woga wa zambarau, na wa kijani ni Kinyaa. Wapo wanaomwita Karaha, lakini kinyaa ndicho mtoto anachokiona hasa akiwekewa sahani ya mboga asizozitaka. (Katika toleo la Japani, brokoli alizokataa Riley zilibadilishwa zikawa pilipili hoho, kwa sababu watoto wa huko brokoli hawana ugomvi nazo. Muulize wako kwake ingewekwa nini. Swali hilo peke yake liliwachekesha wangu dakika kumi.)

Sikiliza sasa tunavyosema. Hatusemi tu "nina hasira", tunasema nimeshikwa na hasira. Woga unamwingia mtu. Huzuni inampata. Furaha inamjaa. Aibu na wivu na kinyaa, hivyo tunaviona, kana kwamba vimesimama mbele yetu na sura zao. Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwa nini hisia ni watu wanaopokezana usukani. Lugha yake ilishamwambia zamani. Nilipomwambia binti kwamba Hasira "amemshika" Riley, alinitazama kama mtu aliyeelezwa kuwa maji yanalowanisha.

Kutokana na hapo tukapata swali ambalo nyumbani kwetu limedumu kuliko filamu yenyewe: nani kashika usukani? Mtoto anayegoma akiulizwa "una nini?" huweza kulijibu hili, hata kwa kutaja rangi tu.

Lakini jihadhari. Wiki ya pili mwanangu alimpiga dada yake, akasimama kifua mbele: "Si mimi, ni Hasira!" Nikamwambia Hasira kweli kashika usukani, ila gari ni lako, na aliyegongwa ni dada yako, kaombe radhi. Alikwenda.

Tuje kwenye kusimamisha. Mara ya kwanza nilisimamisha kila baada ya dakika tano kufundisha, na nilichofundisha ni kuchukia rimoti. Sasa nasimamisha mara mbili, basi.

Mara ya kwanza ni pale mezani wakati wa chakula cha jioni, tunapoingizwa kwenye vichwa vya wazazi. Mama anamwashiria baba kwa macho, baba hana habari, kichwani mwake kunachezwa mpira wa magongo wa barafuni. Simamisha, uwaulize watoto kichwani mwako huwa kunaonyeshwa nini wanapozungumza nawe. Jiandae. Wangu walisema "simu" kwa pamoja, bila kutazamana.

Mara ya pili ni pale kigari cha roketi cha Bing Bong kinaposukumwa shimoni. Furaha anafanya nilichofanya mimi: anamtekenya, anatia vichekesho, anataka waendelee na safari. Hakuna linalosaidia. Huzuni anakuja, anaketi kando, anasema maneno machache kuhusu kitu kilichopotea, anasikiliza. Bing Bong analia, kisha anainuka mwenyewe. Hapa simamisha, ila usiseme chochote. Ngoja. Mtoto akikaa kimya, bonyeza iendelee. Wangu aliuliza, "Kwa nini Furaha hakuweza?" Nikamjibu kwamba Furaha alikuwa na haraka. Sikuwa nimelifikiria kabla ya kulisema.

Inafaa ujue kwamba hata watengenezaji hawakuanza na wazo hili. Katika rasimu za mwanzo aliyepotea njiani pamoja na Furaha alikuwa Woga. Docter alichelewa kutambua kwamba mwenzi sahihi ni Huzuni, na hadithi ikabidi isukwe upya. Walikuwa pia wanashauriana na wanasaikolojia, Paul Ekman na Dacher Keltner. Ekman anajulikana kwa orodha ya hisia sita za msingi, na ya sita, mshangao, iliachwa kwa kuwa ilikaribiana mno na woga. Binti yangu amekataa hoja hiyo hadi leo. Anasema mtu hushangaa akipewa zawadi.

Mwisho wa filamu, pale Riley anaporudi nyumbani na kuwaambia wazazi kwamba anapakumbuka Minnesota, usiguse rimoti kabisa. Ukilia, lia. Usijifiche kwenye maji ya kunywa kama nilivyofanya.

Ikiisha, usitoe mtihani. Maswali ya "umejifunza nini?" huua kila kitu. Mimi huweka karatasi na kalamu za rangi mezani kisha nashughulika na mengine. Kumbukumbu katika filamu ni matufe yenye rangi ya hisia, na karibu na mwisho linazaliwa tufe la rangi mbili, manjano na bluu. Ukimwambia mtoto achore siku ya tufe la rangi mbili, utashangaa. Mdogo alichora siku tuliyohama nyumba: bluu kwa chumba cha zamani, na kijani. "Kijani kwa nini?" Choo cha nyumba mpya kilinuka. Mimi nilikuwa na yakini kwamba siku ile alifurahi kutwa nzima.

Ya pili, ya mwaka 2024, ni habari nyingine, na usiwaonyeshe kwa mfululizo siku moja. Riley ana miaka 13, na wanaingia wageni: Wasiwasi wa rangi ya chungwa, Wivu, Aibu, na mmoja aliyenipa taabu kumpa jina. Kwa Kiingereza wanamwita kwa neno la Kifaransa, Ennui. Ni yule anayejilaza kwenye kochi na simu na kuona dunia nzima haina ladha. Nilijaribu Uchovu, haukufaa, maana hajafanya kazi yoyote. Mwishowe binti mwenyewe akamwita Sijisikii, na nadhani hakuna atakayempiku. Kuhusu Wivu, waeleze watoto kwamba huyu wa filamu hana kijicho: anatamani kuwa kama wengine, hamwombei mtu mabaya.

Kuna kisa kimoja humo cha kukipitia mapema. Riley, akicheza mpira wa magongo wa barafuni na kuwekwa kizimbani kwa adhabu ya dakika 2, anabanwa na hofu hadi pumzi inakata, na Wasiwasi anazunguka kwenye mitambo kama kimbunga, asiweze hata yeye kujizuia. Mtoto aliyewahi kubanwa hivyo atajiona. Usimwambie atulie. Mwonyeshe kinachotokea baadaye: Riley anaanza tena kusikia na kugusa vilivyomzunguka, pumzi inarudi kidogo kidogo. Hilo mnaweza kulifanyia mazoezi siku ya kawaida, mkiwa hamna shida yoyote: taja unachokisikia, gusa ulichokalia.

Binti yangu alikuwa na miaka 12 tulipoitazama. Nilikuwa nimejiandaa, nimeandika hadi dakika za kusimamisha. Akaniambia naweza kukaa, mradi nisiongee. Rimoti akaishika yeye.