Namna ya kuvisha ala visu vya keekee ya barafu kabla havijakuvisha bandeji

Watu wengi wanaiogopa keekee ya barafu, ile ya kutobolea mashimo kwenye ziwa lililoganda ili kuvua samaki, ikiwa inazunguka tu, ikishazimwa wanaibeba kama fimbo. Mi jeraha langu sikulipata wakati natoboa, nililipata nimeshamaliza kuvua, jua limezama, naingiza mkono kwenye mfuko wa vifaa natafuta tochi na keekee imo humohumo visu viko wazi, havina ala. Sikusikia maumivu kabisa maana vidole vilishakufa ganzi kwa baridi, nilichosikia ni majimaji ndani ya glavu nikadhani ni theluji imeyeyuka, kuvua glavu ndo naona kidole gumba kimechanika toka kwenye kucha mpaka kwenye kiungo. Na mkono wa koti nao ukapasuka, manyoya ya bata yanapepea kila mahali, mwenzangu kwa mbali akauliza mbona unanyonyoa kuku gizani.

Kwa hiyo ninachokwambia hapa nimekilipia. Ala ya keekee inavishwa palepale kwenye shimo la mwisho, kabla hujailaza chini, na lazima iwe ya kuvisha na kuvua ukiwa umevaa glavu. Hiyo ya pili ndo watu wanaisahau. Unaweza kutengeneza ala nzuri ya ngozi yenye vifungo vinne, ikishuka nyuzi kumi chini ya sifuri utafunga kimoja, wiki ijayo hutafunga hata hicho, mwezi ujao ala imebaki nyumbani.

Kwanza uijue vizuri keekee yako. Nyingi zina visu viwili chini kabisa, vimeshikwa na skrubu au bolti, katikati kuna ncha inayoshika barafu ili keekee isiteleze, afu juu kuna ile parafujo, bati linalopanda kwa kuzunguka, kazi yake kutoa unga wa barafu shimoni. Kipimo cha upana ndo kinachokuhusu hapa, inchi 6, 8 au 10, yaani kama sm 15, 20 na 25. Visu bapa vinavyoparua barafu ni vikali kama wembe, hivi ndo vya kuviogopa zaidi, na ndo vinavyoharibika upesi zaidi, punje moja ya mchanga kwenye buti la gari inatosha kuvitia pengo. Vile vyenye meno vinavyovunja barafu vipande vipande vinavumilia kidogo, watu wanavipenda kwa kufungua tena shimo la jana lililoganda, lakini navyo vinachana mkono bila shida. Na ile ncha ya katikati usiisahau, ala nyingi za kujitengenezea zinafunika visu vizuri halafu ncha inatokeza chini kama mwiba.

Kabla hujagusa huko chini zima nguvu kwanza. Ya betri unachomoa betri yenyewe, kuachia swichi tu haitoshi, maana ukiilaza na swichi ikagusana na goti au na kamba ya mfuko inaanza kuzunguka mkono wako ukiwa huko. Inayoendeshwa na drili ni hivyohivyo, betri ya drili nje. Ya petroli unazima na unachomoa waya wa plagi. Ya mkono haina cha kuzima ila ina ujanja wake, mpini unakunjwa au unatoka, na pale unapoukunja kile kichwa chenye visu kinageuka upande usioutarajia, kwa hiyo hiyo vishe ala kwanza ndo ukunje.

Utaratibu wa shimoni sasa. Ukishatoboa la mwisho inyanyue keekee mpaka visu vitoke majini, iache izunguke sekunde mbili tatu juu ya shimo irushe maji na ule uji wa barafu, miguu yako na ya wenzako ikae mbali. Zima, chomoa betri, vuta ala kutoka ulipoiweka (mi naining'iniza kwenye mkanda wa kiunoni, rangi ya chungwa inayopiga kelele, maana nyeupe niliipoteza kwenye theluji siku ya kwanza tu), iweke chini kwenye barafu mdomo ukiangalia juu, afu teremsha keekee ndani yake. Yaani ala inakaa chini, keekee ndo inaifuata, mkono wako mmoja uko kwenye mpini na mwingine katikati ya mhimili, ile fimbo ndefu ya keekee. Watu wanafanya kinyume, wanailaza keekee kwenye mapaja wanaisukumia ala kwa kiganja, sasa ikiteleza hapo kiganja kinaenda wapi?

Na usigonge keekee kwenye barafu ili kudondosha mabonge yaliyoganda. Najua kila mtu anafanya. Visu vinagonga barafu ngumu bila kuzunguka, makali yanakatika vipande vidogo ambavyo hata huvioni, afu unakuja kulalamika kwamba haitoboi. Ikishaganda irudishe shimoni, maji yaliyo chini ya barafu yana joto kidogo kuliko hewa ya juu, itikise humo taratibu itaachia.

Kuhusu ala ya kununua, kama keekee yako ilikuja na kifuniko cha plastiki kigumu kutoka kiwandani basi kitumie, kimepimwa kwa kichwa hicho. Angalia mambo mawili tu: kinashika vipi, na maji yanatokea wapi. Vingi vinashikwa na mpira mmoja mwembamba, na mpira kwenye baridi kali unakakamaa, msimu wa pili unakatika. Badilisha mapema, uweke kamba ya mpira nene yenye ndoano, na kwenye ncha ya kuvutia ufunge kitanzi kikubwa cha kamba ambacho kidole chenye glavu kinapita.

Kama huna, tengeneza. Niliyotengeneza mimi ni ya ndoo ya plastiki na bado naitumia. Tafuta ndoo ambayo kitako chake kwa ndani ni kipana kuliko keekee kwa sm moja au mbili, usikisie, pima kutoka ncha ya nje ya kisu kimoja mpaka ya kisu cha pili maana visu vinatokeza nje kidogo kuliko parafujo. Ndoo ya lita 20 inameza keekee ya inchi 8 na nafasi inabaki, kwa ya inchi 6 tafuta ndoo ndogo zaidi la sivyo itachezacheza humo kama punje kwenye debe. Chora mstari kuzunguka ndoo sm 15 hivi kutoka chini, kata kwa msumeno wa meno madogo, pitisha msasa kwenye ukingo mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Ukikata fupi zaidi ya hapo ala inachomoka keekee ikiinama, ukikata ndefu sana inakuwa kero kuingiza.

Kitako cha ndani kinahitaji kitu laini. Kata duara kwenye lile godoro jembamba la kupigia kambi, lile la povu lisilonyonya maji, na katikati yake utoboe tundu ili ncha ipite ikae kwenye plastiki na visu vikae kwenye povu. Povu litakatwa katwa, ndo kazi yake, ukiona limekuwa matambara kata lingine. Chochote kinachonyonya maji hapa hakifai, iwe sponji, soksi, blanketi la zamani, maana utakuwa umevifunga visu kwenye kitambaa kibichi usiku mzima, asubuhi vina kutu, na makali membamba kama yale kutu ikishayala hayarudi bila kunoa. Kwa sababu hiyohiyo toboa matundu manne matano ya milimita 6 kwenye kitako cha ndoo, karibu na pembeni, maji yachuruzike.

Ya kushikia: toboa matundu mawili yanayotazamana karibu na ukingo wa juu, funga kamba ya mpira kwenye moja, ipandishe ipite juu ya bati la parafujo, ishuke upande wa pili ikamatwe na ndoano. Kwa kuwa bati limelala mshazari mpira unalikalia na kuivuta ndoo juu, haiendi popote. Ijaribu nyumbani kwenye nyasi au zulia, inyanyue keekee juu uitikise kwa nguvu kama unakung'uta mkeka, miguu ikiwa mbali. Ikianguka fupisha mpira. Isipoanguka vaa glavu zako nene kuliko zote ujaribu kuivua, ukishindwa ndani ya sekunde kumi kwenye joto la nyumbani basi kule nje ndo usahau kabisa.

Kuna njia ya haraka ya mpira wa kumwagilia bustani, unakata vipande viwili virefu kuliko kila kisu, unavipasua kwa urefu upande mmoja, unavibana kwenye makali kimoja kimoja na kufunga na velkro. Inafanya kazi, hasa kama ala yako imepotea katikati ya safari, ila kwa matumizi ya kila siku siipendi kwa sababu kukibana kile kipande inabidi vidole vyako viwe karibu kabisa na makali, na hiyo ndo hali tunayoikimbia. Ukiitumia, kipande kibandike kutokea mgongoni mwa kisu kuja kwenye makali, glavu za kuzuia kukatwa mkononi. Katoni na selotepu sitaki hata kuviongelea, katoni ikilowa ni uji.

Kwenye gari na kwenye sleji, kile kitoroli cha kuburuta juu ya theluji, keekee ilale na ifungwe, isisimame. Mi naweka kichwa chenye ala kuelekea nyuma, mpini mbele, mkanda unapita kwenye mhimili siyo kwenye ala, maana ukifunga ala gari likiruka keekee inachomoka yenyewe na ala inabaki imefungwa vizuri kabisa. Ukiitembeza kwa mguu kwenye barafu usiibebe begani kichwa kikiwa nyuma usipokiona, ukiteleza aliye nyuma yako ndo anapokea. Ibebe chini ubavuni, ala mbele, uwe unaiona.

Ukifika nyumbani unaivua tena. Hapa wengi wanateleza, wanafikiri ala ikishavishwa kazi imekwisha mpaka safari ijayo. Ndani mna maji, theluji imeyeyuka, na joto la nyumba linaharakisha kutu. Ikiwa ala imeganda usiing'ang'anize wala kuipiga na nyundo, iache ndani nusu saa au mwagia maji ya uvuguvugu kwa nje. Futa visu kwa kitambaa kikubwa kilichokunjwa, ukienda kutoka mgongoni kuelekea nje, usipitishe kamwe kitambaa kwa urefu wa makali. Paka mafuta ya mashine kidogo sana, tone tu, au silikoni ya kupuliza. Mafuta ya kupikia yanaganda kuwa gundi ukiyaacha muda mrefu. Ala nayo ikauke pembeni na povu lake limetolewa, na vikishakauka vyote viwili ndo unarudisha. Kama kuna watoto nyumbani basi muda huo wa kukauka keekee iwe kwenye chumba kilichofungwa, isiwe imeegeshwa ukutani kwenye korido.

Siku ya kubadilisha visu ndo siku ala haiwezi kukusaidia, kwa hiyo jipange. Betri nje, keekee imelala mezani imefungwa isizunguke, na kile kisu usichokigusa kwa sasa kiache kimebanwa kipande cha mpira wa bustani, hapo ndo ule mpira unapata heshima yake. Kabla ya kufungua bolti fikiria kitu kimoja: spana ikichomoka ghafla mkono wangu utaelekea wapi? Geuza keekee au ujigeuze wewe mpaka jibu liwe hewani. Bolti zilizokaa msimu mzima majini zinashika, na zikiachia zinaachia kwa mkupuo. Badilisha visu vyote viwili kwa pamoja, ukichanganya kipya na cha zamani keekee inaruka ruka shimoni na inakupiga viwiko.

Ukijikata pamoja na yote haya, bana kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia achia kuchungulia, inua mkono juu ya kifua, na kama ni kirefu, hakikomi kutoa damu au kidole hakina hisia hata baada ya kupata joto, nenda hospitali usisubiri samaki wa mwisho. Mi nilisubiri, sikumpata, na kovu ninalo.

Visu vya akiba vikae kwenye kiboksi kigumu chenye kifuniko cha kukaza, vimezungushiwa karatasi yenye mafuta, siyo kwenye mfuko wa koti na siyo kwenye boksi la ndoano ambamo unaingiza vidole bila kuangalia. Na vile vilivyochoka usivitupe hivihivi, vipange viwili mgongo kwa mgongo, zungushia katoni kavu na selotepu nyingi (haya, katoni imepata kazi), andika juu kwa kalamu nene "visu vikali" ndo uweke kwenye taka, maana yule anayekuja kubeba ule mfuko anaukumbatia kifuani.